Nyuzi za Kichwa cha Kazadi

Katika treni iliyotuhamisha sisi Wakasai tuliofukuzwa Kolwezi, mama mmoja alimbembeleza mwanawe Kazadi, kijana mwenye ndevu, anywe dawa.

"Docteur alisema nyuzi za mu kichwa yake zinaungana mubaya," alimweleza mzee jirani, fundi wa simu. "Anawaza redio inamusema yeye."

"Na redio ilisema nini, mama?"

"Bakasai bote barudie kwabo."

"Basi nyuzi zake ziko muzuri! Wacha dawa."

Nilicheka, kisha nikaona haya.

"Tata mzee, asipokunywa atakimbia mu gare ya kwanza treni ikisimama, tumupoteze."

"Uliza docteur tena," mzee akasema.

"Uliza weye. Iko mu wagon ya nyuma, naye ni Mukasai, banamufukuza."

Treni ikasimama kwenye stesheni ya Tenke. Kazadi alikuwa bado amefumba mdomo kuikataa dawa, na mama akamshika shati kwa mikono miwili.