Kinga ya Kinga: Cyprien Buhendwa Aaga Karakana ya Murara

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Cyprien Buhendwa, fundi baiskeli wa shirika letu la afya vijijini, atakabidhi funguo za karakana ya Murara, hapa Goma, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Funguo zenyewe ni mbili. Mmoja haufungui kitu tangu lava ya volkano ya 2002 ilipoumeza mlango wake, lakini muzee amekataa katakata kuutupa. Anasema mlango ule ukionekana tena siku moja, tutamtafuta.

Wengi wenu mlioajiriwa juzi mnamjua kama mzee wa ovaroli ya bluu anayewafokea mkipandisha pikipiki barazani. Sisi wa zamani tunajua kwamba kabla ya pikipiki zenu, chanjo ilifika Sake, Rugari na Kibumba kwa baiskeli, na baiskeli zilifika kwa sababu yake. Alikuja kutoka upande wa Bukavu mwaka 1993, kijana mwembamba mwenye kisanduku cha spana, akaomba kazi ya udereva. Hatukuwa na gari. Akaonyeshwa baiskeli mbovu zilizolundikwa nyuma ya jiko, naye akavua koti.

Mwaka uliofuata wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda, watu wasio na mwisho, na kipindupindu kikawafuata. Baiskeli zetu zilipeleka chumvi za kuongeza maji mwilini kambini, zikarudi zimepinda, zikanyooshwa, zikaenda tena. Cyprien aliziba mipira yake huku watu wakifa ng'ambo ya ukuta wa karakana. Hajawahi kunisimulia mwezi ule, nami sijamuuliza.

Kabla sijaendelea, jambo moja kwa wageni. Hapa kwetu baiskeli tunaiita kinga. Wenzetu wa Tanzania wakisema kinga wana maana nyingine kabisa: kitu cha kukukinga usidhurike, kama chanjo, glavu au buti za mpira. Shikeni hilo, maana habari yote ya leo imening'inia hapo.

Vita tulivizoea, kama mtu anaweza kuvizoea. Vita ambavyo Cyprien hakuvizoea ni vile vya kazi na nyumba. Alimwoa Ernestine, mwalimu wa shule ya msingi huko Keshero, mwanamke asiyemung'unya maneno. Wakampata Christa, kisha Benny. Cyprien alikuwa na hamu kubwa kwamba watoto wake waione nchi yao, wasije wakadhani Kivu yote ni mawe meusi ya Goma. Basi kila likizo alipanga safari, na kila alipopanga safari, foni iliita. Foni ndiyo ile redio ya mawasiliano iliyokuwa mezani kwa Hategekimana, mpokea ujumbe wetu, na nadhani Ernestine aliichukia kuliko volkano. Mara moja familia ilikuwa imekwisha kupanda meli ya Bukavu, watoto wanatafuna mikate, Hategekimana akatokea bandarini akipunga mikono yote miwili. Baba akashuka. Mama na watoto wakaenda peke yao, na kutoka Bukavu Ernestine hakutuma hata salamu.

Siku ya komunyo ya kwanza ya Christa, Cyprien alitoka kanisani katikati ya mahubiri. Tulidhani amezidiwa na furaha. Kumbe mlio wa baiskeli ya padri, aliyekuja nayo asubuhi, ulikuwa bado unamsumbua masikioni, akaenda kuitia mafuta. Picha ya familia ya siku ile ipo, na kola ya baba ina alama ya vidole vinne vya grisi.

Mwishowe aliamua kuzichanganya safari mbili ziwe moja. Alipokwenda kutengeneza baiskeli za vituo vya mbali, alimpakia mtoto nyuma. Ndivyo Benny, akiwa na miaka minne, alivyoingiza mguu kwenye spoku njiani kwenda Sake. Ngozi ya kisigino ilitoka yote. Baba yake alirudi naye mgongoni, na juma lile lote alikata madumu ya njano ya maji, akayakunja, akayafunga kwa waya pembeni mwa magurudumu ya nyuma. Hakufanya hivyo kwa baiskeli yake tu. Alizifunga zote. Mkurugenzi wa wakati ule alimkumbusha kwamba baiskeli za shirika zinabeba chanjo, hazibebi watoto. Cyprien akaitikia vizuri sana, akaendelea kukata madumu. Hategekimana ndiye aliyekibatiza kile kidude: kinga ya kinga. Tulicheka mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa Vitshumbi. Benny alisikia kutoka kwa wauza samaki kwamba kule, kando ya ziwa Edouard, viboko wanatembea katikati ya nyumba za watu kama mbuzi. Hakupata usingizi tena. Baba akaahidi: likizo kubwa ya 2008, wote wanne, mpaka Vitshumbi. Likizo ikafika, kazi ikazidi. Agosti ikaisha, vita vikaanza upya kwenye njia ya kaskazini. Ahadi ikalala.

Mwishoni mwa Oktoba shule zilikuwa zimefungwa kwa hofu. Kibumba kulikuwa na watu wengi waliokimbia makwao, na kuhara kulikuwa kumeanza. Kwenye kituo chetu kule alikuwa amefika muuguzi mpya, Louise, mtu wa upande wa Uvira aliyekulia kambini Kigoma tangu vita vya 1996 na kusomea huko huko. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno. Asubuhi moja foni ikakwaruza, Louise akaomba kinga, kinga zote tulizonazo, haraka. Hategekimana akatoka mbio mpaka karakanani: "Banaomba kinga zote kule Kibumba, leo leo!"

Nilikuwa stoo, niliona yote. Cyprien alikuwa ameruhusiwa siku mbili za mapumziko. Christa na Benny walikuwa wameketi juu ya mabegi yao langoni, wamechanwa nywele, kwa sababu baba aliwaahidi angalau matembezi ya ziwani. Akawatazama. Akatazama lori la kukodi lililokuwa likipakiwa baiskeli kumi na mbili. Lori lilikuwa linaelekea kaskazini, na kaskazini ndiko Vitshumbi iliko. Akawaambia, "Tunaanza na Kibumba. Vitshumbi iko mbele, njia ni ile ile." Ernestine alikuja mbio kutoka barabarani. "Cyprien, batoto si bifaa ya kazi!" Kila mtu alisema mapigano yako mbali, na wangerudi kabla ya chakula cha jioni. Watoto wakapanda lori. Hata leo sikubaliani na Cyprien, na kwa kuwa anastaafu siwezi tena kunyimwa baiskeli, acha niliandike: muzee, ulikosea.

Yaliyotokea Kibumba tuliyasikia kutoka kwa Louise mwenyewe. Alikuwa akingojea glavu, buti na aproni. Akaona zinateremshwa baiskeli. Alishika kichwa. "Baba, nimeomba kinga, wewe umeniletea baiskeli!" Na Cyprien, akiwa ameshikilia usukani mkono huu na huu, kwa adabu yake yote: "Si njo kinga hizi, mama?" Louise alilia kwa hasira. Wagonjwa walikuwa wamelala chini, yeye hana hata glavu, na mbele yake anasimama mtu anayejaribu kengele.

Walikuwa bado wanabishana mabomu yalipoanza, na hayakuwa mbali. Wanaume wenye bunduki walilichukua lori pamoja na dereva wake. Kambi nzima ikainuka, magodoro vichwani, ng'ombe na watu njia moja kuteremka Goma. Pale kituoni wakabaki watoto wagonjwa, mama zao, na Nyiransabimana, aliyejifungua alfajiri ile ile na asiyeweza kutembea. Wakabaki pia na baiskeli kumi na mbili zilizotoka karakanani asubuhi ile, breki zimekazwa.

Cyprien aliwapakia watoto wawili wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, miguu juu ya madumu ya njano, mama wakisukuma. Nyiransabimana na kichanga chake hakuthubutu kumwachia mtu mwingine, maana njia ni mteremko na mawe, na breki inataka mkono unaoijua. Akampakia yeye mwenyewe, Christa akakaa mbele. Nafasi ya Benny haikuwepo. Louise alikulia Kigoma, aliendesha vizuri. Cyprien akampa mwanawe mwanamke aliyegombana naye nusu saa kabla, akamwambia amfuate nyuma nyuma. Walipofika Kibati umati uliwatenganisha. Alisikia Benny akiita mara moja. Na kwenye mteremko ule, na mzazi na kichanga mgongoni pake, hakuweza kusimama wala kugeuka.

Alasiri aliingia langoni kwetu. Nyiransabimana aliteremshwa, mtoto wake akilia vizuri. Christa aliteremshwa. Ernestine aliangalia nyuma ya baiskeli, akaangalia tena.

"Benny iko wapi?"

"Iko na ule muganga mupya."

"Mwenye haujue hata jina yake?"

 Kweli Cyprien alikuwa halijui. Aligeuza baiskeli akarudi mpaka mahali barabara inapoingia mjini, Ernestine akamfuata kwa miguu, na mimi nikamfuata Ernestine kwa sababu nilimwogopea. Watu walikuwa wanapita kama maji. Mimi nilitafuta sura ya mtoto. Ernestine alikuwa akiita jina. Cyprien alikuwa ameinama, anaangalia chini, nikadhani amevunjika moyo. Hapana. Alikuwa anatazama magurudumu. Nyuso zote zilikuwa zimefunikwa na vumbi, lakini plastiki ya njano ilionekana kati ya miguu ya watu na ya mbuzi. Ikipita moja, aliwataja watoto aliowapakia juu yake. Zilipita baiskeli kumi. Kisha kwa muda mrefu hazikupita tena, na Ernestine akaacha kuita. 

Ya mwisho ilikuja ikisukumwa, gurudumu la mbele limebaki chuma tupu kinachogonga mawe. Louise alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Juu ya kiti cha nyuma, amefungwa kwa kikwembe, Benny alikuwa amesinzia, kichwa kinaning'inia upande, na mguu wake wenye kovu umetulia juu ya dumu. Cyprien aliushika ule mguu kwanza. Akaupapasa, kidole kwa kidole. Kisha, kwa kuwa ni Cyprien, akaligusa gurudumu. "Mupira imekufa," akamwambia mkewe. "Mutoto iko muzima." Ernestine alimpiga kofi la bega, akamkumbatia Louise, na ndipo akamwuliza jina.

Toka siku ile kwenye foni zetu kinga ni baiskeli, na glavu zinaitwa glavu. Kinga ya kinga ikawa amri ya shirika, mkurugenzi yule yule akaitia sahihi. Nyiransabimana alimpa mwanawe jina la Cyprien, na fundi huwa anamtengenezea baiskeli bila kuulizwa.

Vitshumbi hawajafika. Mwaka 2012 walifunga mabegi, vita vikaja. Mwaka 2021 walifunga tena, volkano ikalipuka. Tangu 2022 njia ya kaskazini imefungwa, Kibumba yenyewe imekuwa ng'ambo ya mstari wa vita, na ninapoandika haya milio kutoka upande wa Sake inatikisa vioo vya stoo. Kambi zimetuzunguka upya. Cyprien amefanya kazi mpaka juma lake la mwisho, kwa sababu pikipiki zenu hazina petroli na baiskeli zimerudi kuwa mali. Benny sasa ana ndevu na bado anamkumbusha baba yake habari za viboko. Christa ana binti wa miaka minne, Charline, ambaye amekwisha kuzisikia.

Muzee, siku ya sherehe Louise, ambaye leo ndiye mkuu wetu wa wauguzi, atakukabidhi zawadi. Si siri, kwa kuwa uliigundua stoo na kuifungua yote vipande vipande kabla hatujaifunga karatasi. Ni ile baiskeli ya Benny. Tumeiwekea mpira mpya mbele. Dumu la njano ni lile lile, kwa sababu ulitukataza kulibadilisha. Na kile kiti kidogo kwenye bomba la mbele, tulichopima kwa Charline ukiwa huoni, tunajua utakilegeza na kukifunga upya kwa mkono wako. Fanya hivyo.

Asante kwa mikono yako. Asante kwa Ernestine, aliyetukopesha mume na hakurudishiwa kwa wakati. Maisha ya mbele yawe mema kwenu, yenye mteremko mdogo na breki nzuri. Na siku barabara ya Vitshumbi itakapofunguka, wapakie watoto na mjukuu uende, usitupitie kutuaga. Foni ikiita kinga, tutaitika sisi.

Sylvie, stoo ya chanjo, kwa niaba ya wafanyakazi wote