Futi Mia Mbili Kutoka kwa Bomba

Kwenye kona ya Mtaa wa Tannery, mjini Harkness, Ohio, pana duka la donati, na nje ya duka pana benchi ambalo rangi yake imekwisha kwa makalio ya watu walewale. Jumamosi asubuhi huwakosi. Yupo Walt Pruchnik, aitwaye Kanali, ambaye hajawahi kushika bunduki ya serikali hata siku moja. Aliendesha basi la shule miaka thelathini, akiwaamrisha watoto wa watu wafunge midomo. Yupo Gladys Oberholt, jina lake Redio, maana ukimnong'oneza jambo saa mbili, saa tatu limeshafika makaburini. Yupo Norbert Yost, Shemasi, shemasi kweli wa kanisani, mpole wa sauti. Wa nne ni Emmett Stahl, fundi bomba mstaafu, na kwa hiyo Bomba. Leo nafasi ya Bomba ilikuwa wazi, na aliyesimama mbele yake bila kuikalia alikuwa Lorna Dvorak, dalali wa nyumba, waliyembandika jina la Funguo. Alikuwa amefura kwa hasira tangu alipotoka kwake.

— Mmesikia ya Bomba? aliuliza.

Nani asiyesikia. Alhamisi baraza la mji lilimnyima Bomba kibali cha kujenga kijumba nyuma ya nyumba yake, chumba kimoja na jiko, amweke binti yake Renee. Kule Renee anakopanga, mwendo wa saa mbili kwa gari, mwenye nyumba anauza na amempa mwezi mmoja ahame.

— Damu inanichemka, Funguo, alisema Kanali. Mtu kalipa mkopo wa nyumba mpaka nywele zimemwisha kichwani, halafu watu watano wenye tai wanamwambia usijenge kwenye ardhi yako? Hii ni nchi gani?

— Wanne wenye tai, Redio akamsahihisha. Wa tano ni yule mama wa duka la maua, na yeye ndiye mpishi wa haya yote. Nimeambiwa na mtu wa uhakika. Anataka njia ya baiskeli ipite uani kwa Bomba mpaka mlangoni kwake.

— Baiskeli! Wewe Redio unafikiria vidogo sana. Kanali aliinama na kushusha sauti, ingawa barabarani hapakuwa na hata paka. Wanataka wote tuhamie maghorofa. Ukikaa ghorofani huna uani. Huna uani, huna mbwa. Huna mbwa, nani atabweka wakija?

— Wakija akina nani? Shemasi aliuliza.

— Si ndiyo hapo! Hutajua, maana mbwa huna!

Shemasi alikunywa kahawa yake taratibu, kama mtu aliyeweka akiba ya neno.

— Mimi nasema pale chini kuna gesi. Mwangalieni Bomba nyasi zake. Mvua ileile, jua lilelile, zake kijani, zangu manjano. Kitu kiko chini. Wameshapima kwa ndege.

— Ile ndege ya Jumanne! Redio alipiga paja. Nilisema mimi! Ilizunguka mara mbili!

— Mara tatu, alisema Kanali. Ya tatu waliizima injini.

Siku nyingine Lorna angecheka mpaka kahawa impalie. Aliwapenda hawa wazee. Alikulia kwenye nyumba ya magurudumu waliyopangishwa na mtu mwenye roho ya chuma, na akiwa na miaka tisa alimwona mama yake akitolewa vyombo nje, sufuria zikiwa juu ya theluji. Siku ile aliapa. Tangu apate leseni ya udalali hajachoka kuimba wimbo mmoja kwenye mikutano, makanisani, hata misibani: nunua nyumba yako, shika hati yako, mtu asikuamulie uani kwako. Mwezi uliopita, kwa ajili ya Bomba, alichapisha vibao vya kusimika mbele ya nyumba, MALI YANGU, UAMUZI WANGU, na alivigongelea kwa nyundo yake mwenyewe kwenye nyasi za hawa watatu, huku Kanali akimsimamia na kumwambia kipeleke kushoto kidogo.

— Ngojeni kwanza, alisema. Mlipata barua kutoka ofisi za mji?

— Barua gani? Kanali alisema.

— Acha hizo, Kanali. Mtu akiomba kujenga, kila jirani aliye ndani ya futi mia mbili anaandikiwa. Kama ana pingamizi, anajibu. Wewe uko ng'ambo ya barabara. Redio mnatenganishwa na ua wa miti tu. Shemasi uko nyuma yake kabisa, mnaonana vyooni.

— Mimi barua nyingi natupa, alisema Shemasi.

— Hii hukuitupa.

Akafungua mkoba. Jana alikwenda ofisi za mji, ambako mtu yeyote anaweza kuomba kulisoma jalada, akatoka na nakala. Pingamizi zilikuwa tatu. Alizisoma akiwa amesimama kaunta, akazisoma tena garini, na hakuweza kuwasha gari.

— Hii hapa. Herufi kubwa tupu: "KIJUMBA HICHO KISIJENGWE. MAGARI YATAZIDI. KELELE ZITAZIDI. NIMESEMA." Walt Pruchnik.

Kanali aliangalia viatu vyake.

— Nilikuwa na hasira siku ile.

— Na nani?

— Na hali kwa ujumla.

— Hii nyingine haina jina. "Mimi jirani mwenye huzuni nauliza, leo ni binti, kesho atakuwa nani?" Sasa, mama yangu, ukitaka kuandika kwa siri, kwa nini kwenye bahasha unabandika ile lebo yako ya chama cha kulinda ndege wa porini, yenye jina, nyumba na mtaa?

— Nimezoea! Redio alifoka, shingo ikiwa nyekundu. Wananitumia bure kila Krismasi! Mkono unabandika wenyewe!

— Na hii: "Nimeliombea jambo hili." Shemasi, uliliombea ukajibiwa nini? Ajenge, au binti yake akalale kwenye gari?

Lorna alihisi sauti yake inapanda na hakuizuia. Alitaka dirisha la duka litikisike.

— Mnakaa hapa kila wiki mnalia serikali, serikali! Ndege, gesi, mbwa! Hakuna ndege! Ni nyinyi! Vibao vyangu viko kwenye nyasi zenu mpaka dakika hii. Hamna haya?

Hapo Redio alisimama. Ni mama mfupi, lakini akisimama kwa hasira benchi zima hujua.

— Usinitukane, Lorna. Nani aliniuzia nyumba ile? Si wewe? Kisha mume wangu ana wiki tatu tu kaburini, ukaja na keki, ukakaa jikoni kwangu ukaniambia, Gladys, nyumba ndiyo mali yako yote sasa, ilinde bei yake kwa meno. Ukanionyesha dirishani. Ukasema, tazama, huko nyuma hapatajengwa kitu, sheria ya mtaa inakulinda. Ulisema, hukusema?

— Nilisema, lakini...

— Mimi pia ulinionyesha dirisha, Shemasi alisema kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko kelele.

— Basi nimeilinda! Redio alisema. Kwa meno! Nilifanya ulichonifundisha. Wewe unakaa ng'ambo ya mto, hakuna wa kukujengea mbele ya dirisha. Mali yangu, uamuzi wangu. Ulitaka niamue nini?

Maneno yale Lorna alikuwa ameyasema kwenye majiko mengi, mara nyingi kiasi kwamba hakumbuki, na kila mara kwa moyo mweupe. Hakuwahi kudhani yangekuja kukutana na Bomba njiani. Alikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kitu, na ghafla hakujua aielekeze wapi.

Wakati huohuo gari dogo lilisimama kando ya barabara. Kiti cha nyuma kilijaa mito, taa ya mezani na maboksi. Alishuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kidevu cha Bomba, akawatazama kwa haya.

— Samahanini. Nyinyi ndio marafiki wa baba? Mimi ni Renee. Baba ananisimulia habari zenu kila Jumapili kwenye simu. Wewe utakuwa Kanali.

— Ndimi, Kanali alisema. Karibu, mwanangu. Baba yako yuko wapi leo?

— Kalala. Kawaambia nini kuhusu kile kijumba? Kwamba ni kwa ajili yangu?

— Ndivyo alivyosema, Redio alijibu.

— Alisema hivyo kwa aibu tu. Mimi nimeshapata chumba kwingine, mbali zaidi lakini kipo. Kijumba kilikuwa kwa ajili yake, ili awe na mtu karibu. Hii ni mara ya tatu anaanguka bafuni. Jumatatu hii alianguka saa moja asubuhi, akalala sakafuni mpaka saa nane mchana, mpaka alipoweza kujiburuta akafikia simu. Anasema aliita mpaka sauti ikakauka, madirisha ya watu yalikuwa yamefungwa. Mkimwona msimwambie nimesema.

Redio aliketi tena polepole.

— Kesho naondoka, Renee aliendelea. Nataka mtu mmoja tu, aliye jirani kabisa, ampigie hodi kila asubuhi. Asiyeweza kuchelewa. Alitoa karatasi, namba yake ya simu ikiwa imeshaandikwa, akainyoosha kwa wote. Kati yenu, nani anakaa karibu na baba?

Kanali alimtazama Redio. Redio alimtazama Shemasi. Shemasi aliangalia barabarani, upande wa juu, lilikokuwa paa lake. Lorna alikuwa na barua tatu mkononi na majina matatu mdomoni. Angeweza kuyataja. Lakini angeulizwa yeye anakaa wapi, na nani aliyewafundisha kuilinda nyumba kwa meno. Akazirudisha barua mkobani.

Renee alisubiri. Kisha akaikunja karatasi, akiwaonea huruma kwa kuwatia katika hali ngumu.

— Poleni, nilidhani mnatoka mtaa mmoja. Si kitu. Ngoja nikamuulize baba majirani zake ni akina nani.