Kaka Yetu, Aliyewatenganisha Wenye Jina Moja

Wapendwa wetu mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, majirani, jamaa, na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imenituma mimi, mdogo wake ninayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yetu, na imenituma kwa sharti moja, kwamba nisome yote bila kuruka, hata pale ambapo baadhi yetu tutainamisha vichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la fundi viatu, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, huyu aliyeketi mbele yenu. Baba aliyemzaa aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, na habari zake zikaishia hapo. Mwaka 1961 mama aliolewa na baba yetu, seremala, akaingia kwake na sanduku la nguo mkono huu na mtoto wa miaka minne mkono ule, na seremala yule, kabla hata hajamkaribisha mkewe kiti, alimnyanyua mtoto, akamketisha juu ya meza ya kazi kati ya randa na misumeno, akamuuliza kama anajua kupiga msumari. Hakujua, akafundishwa. Sisi wanne tuliozaliwa baadaye tulimkuta nyumbani, tukamwita kaka, na hakuna aliyetuambia tumwite vinginevyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza akiwa wa pili darasani, na aliporipoti kidato cha kwanza, Januari 1971, karani wa shule aliona cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, akaamua mtoto atumie jina la upande wa mama mpaka mambo yanyooke. Baba alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa, akaenda na vumbi la mbao kichwani, akamwambia karani kwamba jina lake la ukoo amempa mtoto mbele za watu, na mwenye swali amfuate yeye karakana, asimsumbue mwanawe. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, na hapo ndipo alipojua kwamba seremala hakumzaa. Alitusimulia ukubwani kwamba alirudi nyumbani analia na kucheka kwa pamoja, wapita njia wakadhani akili zimemruka.

Alisoma historia chuo kikuu kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa katika chumba cha nyaraka cha maktaba ya chuo, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2017 akiwa mkuu wa kitengo. Huko alikuta rafu nzima ya maboksi yenye jina letu hili hili la ukoo, maana ni jina la watu wengi, na ndani yake mlikuwa na karatasi za watu wanne: daktari wa mifugo, mpima ardhi, mwalimu wa muziki na mkalimani wa mahakama. Waliomtangulia waliona jina moja, wakasema basi ni ukoo mmoja, wakawachanganya, wakachora mti wa familia na kuutundika ukutani, na mhadhiri mmoja akaandika kitabu kizima kuusifu ukoo huo uliojaliwa vipaji. Katika mchoro ule daktari wa mifugo ndiye aliyekuwa baba wa mwalimu wa muziki, ingawa mwana alimzidi baba miaka minne. Jamani! Watu wazima na elimu zao walipita pale kila siku, wakatikisa vichwa kwa heshima.

Kaka hakucheka mbele yao, alicheka nyumbani, kisha akaanza kazi iliyomchukua miaka, ya kulinganisha miandiko, kuuliza kila mmoja alizaliwa wapi na mama yake ni nani, kufunga safari kwenda kwa watoto na wajane wao, na hakuweka karatasi ndani ya boksi mpaka ajiridhishe, hata wenzake wakampachika jina la Bwana Ushahidi. Binti wa mwalimu wa muziki, ambaye tayari alikuwa bibi mwenye wajukuu, alikuwa amekuja mara mbili kutafuta nyimbo za baba yake, akapewa taarifa za chanjo ya ng'ombe, akaondoka analia. Alipokuja tena alikuta boksi la baba yake peke yake, akaanza kuimba pale pale kwenye meza ya kusomea, mahali ambapo hata kukohoa watu wanaomba radhi, na kaka, mtu wa kanuni kuliko wote, akaenda kufunga mlango ili aendelee. Mhadhiri alinuna, akanuna kweli kweli, lakini mwisho alikisahihisha kitabu chake, na leo tuko naye hapa, tunamshukuru.

Tarehe 16 Agosti 1986 marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, baada ya uchumba mrefu usio na kichwa wala miguu, mpaka shemeji alipomwambia wazi kwamba kama bado anakusanya ushahidi, yeye anaondoka na ushahidi wenyewe. Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na mjukuu mmoja aliyemtawala babu yake kabisa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akatibiwa kwa subira, akitania kwamba sasa yeye ndiye anayewekwa kwenye faili, mpaka Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, alipofariki dunia mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Sasa nifike pale pagumu, na baba yetu mdogo mwenyewe ameniruhusu. Katika kikao cha familia jioni ile, tulipojadili wapi tumlaze kaka, baba mdogo alisema kwamba eneo letu makaburini limebaki na nafasi moja tu, ile aliyotengewa mama ubavuni mwa kaburi la baba, kwamba eneo ni la damu, na kwamba marehemu mwenyewe ametumia maisha yake kutufundisha kuwa kushiriki jina si kuwa ndugu, basi tumzike kwa mafundisho yake. Maneno yalikuwa ya kaka kweli, na sisi tuliosoma yalituchoma. Ni mama aliyejibu, bila kupandisha sauti, akamwita shemeji yake kwa heshima, akamuuliza kama ni damu, yeye na marehemu mumewe walichangia damu gani, na kama hawakuchangia, mbona miaka yote hii nafasi ile inaitwa yake. Kesho yake asubuhi, tulipofika makaburini, tulimkuta baba mdogo keshatangulia, yuko na jembe mkononi, na umri wake ule, anakataa kupokewa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kaka yetu kama mtu wao, majirani waliolala sakafuni kwetu, wafanyakazi wenzake waliobeba mzigo mkubwa wa msiba huu, na wewe baba yetu mdogo, ahsante, tumeiona mikono yako ilivyochubuka.

Kaka yetu hakuwa wa damu ya seremala, na hilo tumelisoma wazi kwa sababu yeye asingekubali tulifiche, na alikuwa mtoto wa kwanza wa seremala, na hilo nalo ni kweli. Leo analazwa katika nafasi ile moja iliyobaki. Tulipomuuliza mama yeye tutamlaza wapi siku yake ikifika, alisema tutajua wenyewe, sisi ni watu wazima, lakini mtoto huyu alimpeleka kwa seremala yeye mwenyewe amemshika mkono, na atampeleka tena yeye mwenyewe.

Mama, twende. Nawe kaka, upumzike kwa amani, kwa baba yako.