Boga la Kusaga

Fundi cherehani alikuwa anasinzia dirishani, basi likimbembeleza, huku mazungumzo ya kiti cha mbele yakimjia kama ndotoni.

Mzee aliyepakata blenda mpya alikuwa anamwambia muuguzi aliyeketi naye, "Mke wangu tangu augue anapaliwa hovyo. Lakini boga la kusaga anasema ni chakula cha mtoto mchanga. Anafumba mdomo. Nataka nimwachie vipande."

"Saga lilainike kabisa, baba. Vipande vitamkaba."

"Na asipokula kabisa, mwanangu?"

Muuguzi aliitazama blenda. Fundi, macho bado ameyafumba, alisikia harufu ya boga na karoti zikichemka, ingawa hapakuwa na jiko.

Basi likasimama.

"Leo nitasaga mabakuli mawili," mzee alisema akiinuka. "Moja langu. Tuone kama atafumba mdomo."

Akashuka.