Mwanakhamisi, Aliyekula Mboga kwa Ajili ya Kasuku

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Leo tunamkumbuka Bi Mwanakhamisi, mama lishe wa Soweto, jijini Mbeya. Wengi mlimwita Mama Amna. Alifariki mwezi Juni mwaka huu, akiwa na miaka sitini na tatu. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Bi Mwanakhamisi, Mama Amna, mpika chapati na supu wa Soweto.

Haya tumeyapata kwa binti yake, Amna, mtoto wake wa pekee. Amna ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Mlandege, mjini Iringa. Alitusimulia kwa sauti moja, isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma tangazo linalomhusu mtu mwingine. Akatuomba radhi kwa hilo. Tulimwambia hakuna cha kuombea radhi.

Bi Mwanakhamisi alizaliwa Mbeya. Baba yake alitoka Tanga, akaja na biashara ya vitambaa, akabaki. Binti akaolewa na Idrisa, muuza vipuri vya magari. Na huyo Idrisa ndiye aliyeleta kasuku nyumbani, zawadi ya rafiki yake aliyekuwa anahama mji. Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu. Wakamwita Balozi, kwa sababu alikaa dirishani na kujua habari za kila mlango, kama balozi wa nyumba kumi.

Idrisa alifariki miaka tisa iliyopita. Amna alikuwa ameshaolewa Iringa. Nyumbani wakabaki wawili, mama na ndege. Kila asubuhi Bi Mwanakhamisi alilibeba tundu hadi kwenye kibanda chake cha chakula, akalitundika karibu na dirisha. Balozi aliwaita wateja kwa majina. Akisikia mfuniko wa sufuria unagonga, anasema, "Supu tayari." Kuna watu waliokaa na kunawa mikono, kumbe supu bado iko jikoni.

Na chakula chake kilikuwa kile kile cha wateja. Chapati. Chipsi zenye chumvi. Kitumbua kilicholowekwa kwenye chai ya sukari. Zaidi ya yote, mbegu za alizeti, ambazo huku kwetu hazikosekani.

"Dada yangu alipenda kwa kulisha," anasema Mzee Zubery, kaka wa marehemu. "Hata sisi alitupenda hivyo hivyo. Ukitoka kwake hujashiba, anaona kama amekukosea."

Miaka minne iliyopita, Balozi akaanza kubadilika. Manyoya yalipauka. Mdomo wa juu ukarefuka na kupinda. Alinenepa, akawa akihema hata akiwa ametulia. Bi Mwanakhamisi alidhani ni uzee. Kisha mchana mmoja, kibanda kimejaa watu, Balozi akaanguka kutoka kwenye kijiti chake. Akalala chini ya tundu, mabawa yanatetemeka, macho wazi.

"Mama aliacha chapati ikaungua," anasema Amna. "Nilisimuliwa na mteja. Mama yangu hakuwahi kuunguza chapati."

Alimpeleka kwa Lusekelo, daktari wa mifugo ambaye ofisi yake haiko mbali na hapo.

"Mama, mimi ni mtu wa ng'ombe na kuku," Lusekelo alimwambia. "Ngoja nimpigie mwenzangu anayewajua ndege hawa."

Akapiga. Mwenzake akauliza ndege anakula nini. Bi Mwanakhamisi akataja, na Lusekelo akawa anarudia kwenye simu: chapati, chipsi, chai, alizeti. Baada ya alizeti alisikiliza maelezo marefu.

"Hajazeeka huyu," alisema alipokata simu. "Wala hakuna mtu aliyemfanyia kitu. Ni chakula, mama."

Akamweleza polepole. Alizeti ina mafuta mengi, na mafuta hayo yameshakaa kwenye ini. Yale madoa meupe ndani ya mdomo wake ni kwa kukosa vitamini A. Na ile degedege ni upungufu wa kalsiamu, madini yale ya mifupa. Akamchoma Balozi sindano. Akaagiza mchicha, figiri, karoti, boga, yai la kuchemsha kwa kiasi kidogo, na jua la asubuhi. Chumvi hapana. Chai hapana. Na parachichi hapana kabisa, kwa sababu kwa kasuku parachichi ni sumu.

"Parachichi?" Bi Mwanakhamisi aliuliza. Mbeya hii, parachichi liko kila meza.

"Hata kipande, mama."

Wiki mbili baadaye, mteja wake wa siku nyingi, Anania, alikata parachichi akaelekeza kipande kwenye tundu. Bi Mwanakhamisi, ambaye siku hizo alitembea kwa shida kwa sababu ya miguu, alifika kabla mkono haujafika. Alikichukua kile kipande, akakitia kwenye mfuko wa aproni, akarudi kugeuza chapati.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hiyo miguu. Ilimuuma kwa sababu ya kisukari. Bi Mwanakhamisi alikuwa na kisukari na shinikizo la damu kwa miaka kadhaa. Kliniki walikuwa wamempa maagizo yanayofanana sana na yale ya Balozi. Ongeza mboga. Punguza mafuta, punguza chumvi, acha sukari. Kila Jumapili Amna alipiga simu kutoka Iringa kumkumbusha. Kila Jumapili alijibiwa, "Nitajitahidi, mwanangu." Na chai ilikorogwa kwa vijiko vitatu.

Balozi naye alikataa mboga. Alichukua mchicha kwa mdomo, akautupa chini. Bi Mwanakhamisi akarudi kwa Lusekelo, na Lusekelo akampigia tena mwenzake.

"Anasema ndege hawa wanaishi kwa makundi," Lusekelo alimwambia. "Hali kitu ambacho wenzake hawali. Na wenzake ni wewe, mama. Kula mbele yake."

Basi akala. Kila asubuhi, kabla ya wateja, alikaa na sahani moja mbele ya tundu. Mchicha uliochemshwa bila chumvi, karoti mbichi, kipande cha boga. Alitafuna na kusema, "Mmh, tamu," huku Balozi amegeuza shingo anamtazama.

"Alinipigia kulalamika," anasema Amna. "Aliniambia, 'Mwanangu, haina ladha hata kidogo. Lakini ananiangalia, nifanyeje.'"

Siku ya kumi na moja Balozi alishuka kwenye kijiti, akachukua karoti.

Walikula hivyo kwa miezi mitatu. Manyoya yakaanza kurudia rangi yake. Degedege haikuonekana tena. Na kliniki, sukari ya Bi Mwanakhamisi ilishuka, na miguu ikapata nafuu. Nesi akamuuliza amefanya nini. Akajibu, "Namuuguza ndege."

Balozi alipoanza kula mwenyewe, Bi Mwanakhamisi akaacha.

Hakumwambia mtu. Amna aligundua alipokwenda Mbeya likizo ya Desemba. Alimwona mama yake anakata mboga za ndege vizuri, anazipanga, anaziingiza kwenye tundu. Kisha anakaa na chapati mbili na chai yake.

"Mama, na wewe je?"

"Mimi sijambo," mama alisema. "Mgonjwa alikuwa yeye."

Siku ile ile Amna alitoka nje, akampigia Lusekelo. Akamwomba jambo moja. Amwambie mama yake kwamba Balozi bado hajapona, na kwamba lazima waendelee kula pamoja. Lusekelo alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alisema, "Siwezi kumdanganya mama wa watu, mwalimu. Ndege amepona." Amna akamshukuru, akakata simu. Hakuomba mara ya pili.

Tulimpata Lusekelo juzi. Hakuzungumza mengi. "Lilikuwa neno moja," alisema. "Bado. Ningesema tu bado."

Mwezi Juni mwaka huu, siku ya Jumanne asubuhi, Bi Mwanakhamisi alikuwa anakanda unga. Mkono wa kulia ukalegea, kisha mguu. Kilikuwa kiharusi. Alifikishwa hospitali, na akafariki siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi.

Kesho yake Amna alipanda basi la alfajiri kutoka Iringa. Makambako, abiria aliyekaa naye alimnunulia hindi la kuchoma, kwa kumwona amekaa kimya. Alilipokea. Aliposhuka Mbeya bado alikuwa amelishika, halijaliwa, limepoa. Alifika akamwona mama yake kwa mara ya mwisho. Halafu akawageukia wanawake waliokuwa chumbani, akauliza, "Ndege amekula?"

Mmoja wao akaguna. Mzee Zubery, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mwacheni."

Amna hakulia siku hiyo. Hakulia kwenye arobaini. "Naona kila mtu anasubiri nilie," alituambia. "Na mimi nasubiri. Ni kama mguu ulioingia ganzi. Unajua ni wako, unaushika, lakini hauko."

Balozi sasa yuko Mlandege, jikoni kwa Amna. Siku mbili za kwanza hakugusa kitu. Siku ya tatu Amna alivuta kigoda, akakaa mbele ya tundu na sahani ya mchicha. Anasema hakuwa na njaa, na hakuwa akifikiria lolote. Alikula tu mpaka ndege akashuka. Wiki iliyofuata alikwenda kupima sukari, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakututajia majibu, nasi hatukumuuliza.

Kwa Amna, kwa Mzee Zubery, na kwa nyote mliokula chapati kwa Mama Amna pale Soweto, poleni sana. Lusekelo, kama unatusikia, pole nawe. Ulisema kweli, na hakuna anayekulaumu. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanakhamisi, ampe makao mema.

Na sisi tuliobaki tutafakari. Wengi wetu tuna mzee ambaye daktari ameshamwambia abadilishe chakula. Tunampigia simu, tunamkumbusha, naye anatujibu vizuri, na tunalala tukiwa tumeridhika. Jumapili hii usipige simu. Nenda. Vua viatu, kaa naye, uombe sahani iliyo sawa na yake, mboga nyingi na chai isiyo na sukari. Kuleni taratibu mpaka mmalize. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umefuata chakula.

Kesho yake rudi tena.