Semina ya Mwisho ya Mama Kifua

Mpendwa wetu, ambaye wengi mliopo hapa mlimzoea kwa jina la Mama Kifua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, na wivu ukaanza siku hiyohiyo. Dada alishonewa nguo mpya, mdogo akavalishwa zilizombana dada. Isitoshe, majirani wakasema, "Ilimpendeza zaidi yule mkubwa."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akafaulu vizuri, akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1981. Mwalimu wa hesabu alipompokea mdogo wake darasani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Haya, tuone kama na wewe una kichwa." Hakuwa nacho. Chuoni marehemu alijifunza mambo mawili: kuchoma sindano bila kumliza mtoto, na kuvuta sigara. Sigara aliiacha mwaka 2005, na hakuwahi kuificha.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kwao kutengeneza swichi ya sebuleni. Aliyemfungulia mlango siku ile ni mdogo mtu. Aliyemletea maji ya kunywa ni mdogo mtu. Marehemu alipita tu na beseni la nguo, akasema, "Fundi, hiyo swichi umeiweka kichwa chini," na mambo yakaishia hapo. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji, yule aliyekufungulia mlango alishasamehe, ila kusahau bado.

Aliuguza wodini miaka ishirini na minane, halafu akapewa kazi ya kufundisha wahudumu wa afya ya jamii. Huko aling'ara, na mdogo wake, muuguzi wa zahanati yenye chumba kimoja na benchi bovu, roho ikamuuma kwelikweli. Dada alifundisha kwa kadi ndogo ya maswali mawili. Umetimiza miaka hamsini? Umevuta sigara miaka mingi, hata kama umeshaacha? Mtu akijibu ndiyo mara mbili, apelekwe skani ya kifua, ile ya mionzi kidogo ya kutafuta saratani ya mapafu, kila mwaka, angali mzima. "Mkimsubiri akohoe mmeshachelewa," aliwaambia. Mdogo wake alialikwa semina hizo mara tano. Mara zote alisema zahanati haina mtu wa kumshikia. Uongo mtupu. Hakutaka kukaa kwenye kiti cha plastiki ampigie dada yake makofi.

Nafasi za skani zilikuwa za kugombania. Marehemu mwenyewe alistahili, na mwaka 2019 alipigwa picha, akakutwa salama. Mwaka 2020, 2021 na 2022 zamu yake ilipofika, alimpa mwingine. Mmoja wao ni fundi viatu wa pale stendi. Alikutwa na kivimbe kama punje ya mahindi, kikatolewa, na leo amesimama pale nyuma, mzima wa afya. Mdogo wa marehemu anamwonea wivu kwa kila pumzi anayovuta, na hafichi.

Februari mwaka jana marehemu alianza kukohoa, akaenda kwenye zahanati ya mdogo wake. Kwa mara ya kwanza maishani, dada mkubwa akakaa kwenye lile benchi kusubiri kuitwa. Jamani, raha aliyoisikia mdogo mtu! Akampima kifua kikuu, hana. Akampa antibayotiki na chupa ya dawa ya kikohozi, arudi baada ya wiki mbili. Akarudi, akapewa tena. Mara tatu.

"Hunipeleki skani?" aliuliza marehemu.

"Huku kwangu daktari ni mimi. Tulia utibiwe."

Akacheka, akabeba chupa yake. Skani alipigwa Juni. Saratani ya mapafu ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Aliugulia nyumbani, mumewe akimpangia mito ili apate pumzi. Asubuhi moja alimwita mdogo wake.

"Wasifu wangu utausoma wewe. Na zile chupa tatu uziandike."

"Mbele za watu, Dada?"

"Wahudumu wote watakuwepo. Waambie ulivyofanya, wasije wakafanya hivyo."

"Mbona hukunikatalia?"

"Nilikuona umefurahi."

Alifariki tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, fundi viatu na wenzake kumi na mmoja waliogundulika mapema, na mdogo wake. Kadi ya maswali imechapwa nyuma ya kijitabu hiki. Wahudumu, mgeukieni aliye kando yenu, mumuulize. Kisha muulizane na nyinyi wenyewe, maana yeye aliwauliza wote, na hakuna aliyemuuliza.

Msomaji wenu akishakunja karatasi hii atapiga makofi. Anajua si kawaida ya mazishini. Ni yale ya semina tano. Pumzika, Dada, pumzika kwa amani.