Picha Kumi na Nne za Bi Kona

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Kama uko jikoni, punguza kidogo kelele za sufuria. Kama uko kazini, mwambie bosi unasikiliza habari. Leo tunamkumbuka mpiga picha.

Kwenye uwanja wa mashindano ya pikipiki wote walimwita Bi Kona. Amefariki Jumanne asubuhi, hospitalini, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kati ya hiyo, miaka ishirini na miwili aliipiga picha michezo ya pikipiki. Narudia, miaka ishirini na miwili, na mara nyingi alisimama kona ya tatu. Alisema kwenye mstari ulionyooka kila mwendeshaji anafanana na mwenzake. Kwenye kona ndipo unamwona mtu.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa nyingine. Alikuwa na studio ya picha za paspoti, chumba kimoja kati ya duka la viatu na kinyozi. Kitambaa cha buluu ukutani, stuli moja, kioo, na chanuo lililofungwa kwa kamba lisije likatembea. Wateja walikaa, wakatulia, wakapigwa picha, wakaondoka.

Aliyempeleka uwanjani ni mdogo wake wa mwisho. Huyu mdogo alifiwa na mama yao akiwa na miaka saba, na dada ndiye aliyemlea. Nimezungumza naye juzi. Ameniambia hivi: "Nilimwita dada kwa mazoea tu. Sare zangu za shule alifua yeye. Vikao vya wazazi alikwenda yeye. Nilipoanza pikipiki, aliyegomba ni yeye, na aliyekuja kunitazama ni yeye."

Mara ya kwanza alikwenda na kamera ya studio. Kamera nzuri, lakini lenzi yake fupi, ya kumpiga mtu aliyekaa hatua mbili mbele yako. Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, alikuwa na miaka kumi na miwili. Anasimulia: "Mama alirudi na picha sitini. Tukazifungua kwenye kompyuta. Nikauliza, mjomba yuko wapi? Akaninyooshea kidole kwenye kitu cheusi. Nikamwambia, mama, hiki ni inzi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni."

Kesho yake akaenda kwa fundi wa kamera. Fundi akamwambia, "Dada yangu, hapa kuna mawili. Usogeze miguu au usogeze lenzi. Miguu ukiisogeza sana tutakuja kukuzika."

Basi akachagua lenzi. Na wasikilizaji, hakuchagua kwa kusoma maandishi kwenye boksi. Alikaa kizingitini mwa duka la fundi, akamwambia mdogo wake apite na pikipiki mbele ya duka. Akapita. Akabadilisha lenzi. Pita tena. Lenzi nyingine. Pita tena. Majirani walitoka kugomba. Mwishowe akaondoka na lenzi ndefu iliyokwisha tumika, imechubuka nje, kioo chake safi, uzito wake kama mtoto wa miezi minne. Ilikuwa na mguu mmoja wa chuma wa kuiegemeza chini, maana mkono wa binadamu una mwisho wake.

Halafu kamera yenyewe. Muuza kamera alimsifia moja ambayo picha zake unaweza kuzikuza zikafunika ukuta mzima.

Bi Kona akamwuliza, "Ikishapiga moja, inachukua muda gani kuwa tayari kwa nyingine?"

"Mama, hebu angalia ukubwa wa picha kwanza."

"Mimi sina ukuta wa kufunika. Nina pikipiki inayopita."

Akachukua nyingine, isiyo na sifa nyingi, inayopiga picha saba kwa sekunde moja. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Picha saba kwa sekunde moja.

Wapiga picha wapya walipomfuata, aliwaambia mambo machache. Nunua lenzi kwanza, kamera itafuata. Ishike ukiwa umevaa glavu. Kama huoni kitufe kwa vidole, hiyo si yako. Mvua ikija, ivishe kamera kofia ya plastiki ya kuogea. Walimcheka kwa hilo, mpaka siku kamera zao tatu zilipolowa na yake ikaendelea kulia kama kawaida.

Sasa nifike kwenye siku ambayo wengi wanamkumbukia.

Ni miaka tisa iliyopita. Mashindano ya kufunga msimu, mzunguko wa mwisho. Anayeongoza ni mwendeshaji mmoja mwembamba wanayemwita Ndimu, kwa sababu ya pikipiki yake ya njano. Wa pili ni mdogo wake Bi Kona. Wanaingia kona ya tatu pamoja. Wanagusana. Ndimu anaanguka, anavunjika mfupa wa bega. Mdogo wake Bi Kona anapita na kushinda.

Alipoulizwa na wasimamizi, mshindi alisema, "Alinikatia njia. Amejiangusha mwenyewe." Watu wakamwamini. Ndimu alibebwa kwa machela huku akizomewa. Wasimamizi wakaanza kuzungumzia kumfungia asishindane tena.

Bi Kona alikuwa hatua ishirini kutoka hapo, nyuma ya ukuta wa matairi. Alikuwa na picha kumi na nne. Sekunde mbili, picha kumi na nne. Akazipitia moja moja kwenye kioo kidogo cha kamera. Picha ya tano, Ndimu yuko kwenye njia yake, hajasogea. Picha ya saba, kofia ya mdogo wake imegeuka, haitazami mbele, inamtazama Ndimu. Picha ya nane, kiwiko chake kiko begani mwa Ndimu.

Mdogo wake akaja. Maneno yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe, na ameniruhusu niyaseme.

"Dada, umepata nini pale?"

"Nimepata zote. Njoo uone."

Akaona. Akasema, "Zifute."

"Siwezi."

"Dada, mimi ni damu yako."

"Ndiyo maana nimekuonyesha wewe kwanza. Nenda kaseme mwenyewe. Nakusubiri dakika kumi."

Hakwenda. Alikaa juu ya sanduku la spana, akatazama chini. Dakika kumi zilipokwisha, Bi Kona alitoa kadi ya picha kwenye kamera, akaishika mkononi, akatembea hadi kwenye hema la wasimamizi. Anasema mdogo wake, "Nilimwona mgongo tu. Hakugeuka. Nilijua analia, kwa jinsi mabega yalivyokuwa."

Mdogo wake akanyang'anywa ushindi. Akafungiwa msimu mzima. Na kwa miezi kumi na minne hakukanyaga studio ya dada yake. Miezi kumi na minne. Binti anasema mama yake hakuwahi kumsema vibaya mjomba. Alituma salamu kila wiki, na kila wiki hazikujibiwa.

Kisha mjomba akahitaji picha za leseni yake mpya. Studio ziko nyingi mjini. Akaenda kwa dada.

"Nikaingia, nikakaa kwenye stuli," anasema. "Akanitazama, akasema, umenenepa. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. Akasema, ukiongea unakunja uso, na leseni hawataki uso uliokunjwa, ngoja nimalize. Nikangoja. Akapiga. Halafu akazima taa, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema, haya, sema sasa. Nikasema yote."

Alirudi kushindana miaka mitano zaidi. Hakushinda tena msimu wowote. Dada alipiga picha zake zote.

Jana nilimpigia simu Ndimu. Ameacha mashindano, sasa ana gereji. Akasema: "Yule mama aliniokolea jina langu, na ilimgharimu ndugu yake. Gereji yangu haiko mbali na studio. Miaka tisa nimepita pale karibu kila siku. Nampigia honi, ananipungia mkono. Sikuwahi kuzima pikipiki nikashuka nikamwambia asante. Nilidhani anajua."

Wasikilizaji wapendwa, huenda alijua. Hatuna tena wa kumwuliza.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa binti, kwa mdogo wake, kwa wajukuu wawili, na kwa wapiga picha wote wa uwanjani. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki, kila mmoja afikirie mlango mmoja anaoupita kwa honi. Leo zima pikipiki. Shuka.